Teresa wa Avila, Mama wa Watawa wa Ndani

Kila mwaka tarehe 15 Oktoba Kanisa humkumbuka Teresa wa Avila. Yumo katika kalenda ya Kanisa la Roma, na yumo pia katika kalenda ya Kanisa la Uingereza, ambako anahesabiwa miongoni mwa walimu wa imani. Lakini katika parokia zetu habari zake hazijulikani sana, na kwa sababu hiyo tumeona vema kuzieleza hapa kwa kifupi.

Masista tunawafahamu. Tumewaona wakifundisha watoto, wakiuguza wagonjwa, wakilea yatima. Kazi yao tunaiona kwa macho, nasi tunaishukuru. Lakini tukiambiwa kwamba wako masista wengine ambao wamejifungia ndani ya ukuta, hawatoki kwenda kufundisha wala kuuguza, bali siku zao zote ni sala na kazi za mikono, wengi wetu huuliza: hawa wanamsaidia nani? Swali hili ni la haki, wala hatupaswi kulionea haya. Maisha ya Teresa ni jibu lake, maana yeye mwenyewe aliyajua maisha hayo kwa uzuri wake na kwa ubaya wake.

Utoto wake

Teresa alizaliwa tarehe 28 Machi 1515 katika nchi ya Hispania. Alikulia Avila, mji wa nchi ya juu yenye baridi kali, uliozungukwa na ukuta mkubwa wa mawe ambao umesimama hata leo. Baba yake, Alonso Sánchez de Cepeda, alikuwa mtu wa mali na mcha Mungu. Mama yake, Beatriz de Ahumada, alikuwa mke wa pili wa bwana huyo, na watoto katika nyumba ile walikuwa wengi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo jamaa hawakupenda litajwe. Babu yake Teresa, mfanyabiashara wa mji wa Toledo, alikuwa Myahudi aliyebatizwa. Mwaka 1485 mahakama ya kuchunguza imani, iliyoitwa Inkwizisheni, ilimpa adhabu ya hadharani kwa kosa la kurudia desturi za Kiyahudi. Katika Hispania ya wakati ule mtu aliulizwa sana habari za ukoo wake, na mwenye damu ya Kiyahudi alidharauliwa hata kama amebatizwa. Tunalikumbuka jambo hili kwa sababu baadaye, Teresa alipoanzisha nyumba zake, hakuweka sharti la ukoo wala hakutaka vyeo vya kiungwana vitajwe mle ndani. Binti wa tajiri na binti wa mkulima walifagia sakafu moja.

Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, yeye na kaka yake Rodrigo walitoroka nyumbani ili waende nchi ya Waislamu wakauawe kwa ajili ya Kristo, wapate kufika mbinguni mapema. Mjomba wao aliwakuta nje ya mji akawarudisha. Basi tangu utoto alikuwa mtu asiyependa jambo la nusunusu.

Mama yake alifariki Teresa akiwa bado msichana mdogo. Siku hizo za ujana alipenda hadithi za mashujaa, mavazi mazuri, manukato, na mazungumzo na binamu zake. Baba yake akaona hatari, na mwaka 1531 akampeleka kwa masista Waagostino wa mji uleule walezi wa wasichana. Huko ndiko alikoanza kufikiri habari za utawa, ingawa mwanzoni hakuupenda hata kidogo.

Aingia utawani

Baba hakukubali binti yake awe mtawa maadamu yeye yu hai. Hata hivyo mwaka 1535 Teresa aliondoka nyumbani alfajiri bila ruhusa, akaenda kwenye monasteri ya Wakarmeli iliyoitwa Umwilisho, nje ya ukuta wa Avila. Hakwenda kwa furaha. Aliona uchungu mkubwa kumwacha baba yake, akajilazimisha. Baba naye akakubali mwishowe, na mwaka 1537 Teresa akaweka nadhiri.

Haukupita muda mrefu akaugua sana. Alipelekwa kwa mganga wa kike katika kijiji cha Becedas, na dawa kali alizopewa zilimdhoofisha zaidi. Mwezi wa Agosti 1539 alizimia siku nne. Watu walidhani amekufa, na kaburi likachimbwa, lakini baba yake alikataa asizikwe. Alipozinduka hakuweza kujigeuza kitandani. Alikaa karibu miaka mitatu amepooza, na alipoanza kupata nafuu alitambaa kwa mikono na magoti, akimshukuru Mungu kwa hilo pia. Afya yake haikurudi kuwa nzima maisha yake yote. Kila tunaposoma habari za safari zake na kazi zake, tukumbuke kwamba zilifanywa na mwanamke mgonjwa.

Miaka ya ukavu

Sasa tunafika mahali ambapo Teresa anafanana nasi zaidi. Monasteri ya Umwilisho haikuwa mbaya, lakini ilikuwa kubwa mno. Masista walizidi 150, na chakula hakikutosha. Waliotoka katika nyumba za matajiri walikuwa na vyumba vyao na watumishi wao, na maskini walilala pamoja. Wageni waliingia chumba cha mazungumzo kutwa nzima, na wasimamizi walipenda iwe hivyo, kwa kuwa wageni walileta sadaka. Teresa alikuwa mchangamfu, mwenye maneno mazuri na mwingi wa mzaha, na watu wengi walimtaka yeye. Saa zake zikaliwa na maongezi.

Akaona haya mbele za Mungu. Akafikiri kwamba mtu kama yeye, mwenye moyo uliogawanyika, hastahili kukaa peke yake na Bwana katika sala. Basi akaiacha sala ya moyoni kwa mwaka mzima na zaidi, akibaki na zile sala za kusoma pamoja na wenzake tu. Alidhani huo ni unyenyekevu. Baadaye aliandika wazi kwamba hilo lilikuwa jaribu kubwa kuliko yote aliyowahi kupata, tena lilivaa nguo za unyenyekevu ili asilitambue.

Mwishoni mwa mwaka 1543 baba yake alifariki. Padre Mdominiko aliyekuwa akimwungamisha yule mzee alizungumza na Teresa, akamshauri arudie sala na apokee Komunyo mara kwa mara. Alirudi, wala hakuiacha tena. Lakini hakuna mtu afikiri kwamba siku ile ilikuwa mwisho wa taabu. Kwa miaka karibu 18, ukijumlisha na ile ya kwanza, sala yake ilikuwa kavu kama mchanga. Mara nyingi alisikiliza saa igonge, apate kuondoka. Hakuweza kutafakari bila kitabu mkononi. Alikwenda kusali kama mtu anayekwenda kubeba mzigo, na baada ya kusali hivyo akajikuta na amani kuliko siku alizosali kwa kupenda.

Wapendwa, wako wengi kati yetu walioacha kuja Kanisani kwa sababu kama ile ya Teresa. Si kwamba wamemkataa Mungu. Wameanguka mahali fulani, wakaona aibu, wakasema ngoja kwanza nijitengeneze, ndipo nirudi. Miaka ikapita. Teresa angewaambia wasingoje, maana anayeacha dawa mpaka apone hataponya ugonjwa wake.

Mwaka 1554, akiwa na umri wa karibu miaka 39, alipita mbele ya sanamu ya Kristo mwenye majeraha iliyokuwa imeletwa monasterini kwa sikukuu. Akaanguka chini akalia, akaomba asiondoke pale bila kuwa mtu mpya. Karibu na wakati huo akasoma Maungamo ya Mtakatifu Agostino, akajiona mwenyewe katika kitabu kile. Tangu hapo moyo wake haukugawanyika tena.

Nyumba ndogo ya Mtakatifu Yosefu

Tarehe 24 Agosti 1562 Teresa alifungua nyumba ndogo mjini Avila, akaiita kwa jina la Mtakatifu Yosefu. Fedha kiasi alizipata kwa kaka yake Lorenzo, aliyekuwa Quito katika Amerika ya Kusini. Wanawali wanne walianza naye. Mji ukachafuka. Baraza la mji lilifungua kesi ili nyumba ifungwe, kwa kuwa Teresa alitaka waishi kwa sadaka na kazi ya mikono, bila mapato ya kudumu, na wakubwa waliona kwamba mji tayari una maskini wa kutosha kulisha. Hata hivyo nyumba ilibaki.

Alitaka masista wasizidi 13, ili wajuane na kupendana kama jamaa. Walivaa viatu vya kamba vya watu maskini, wakaitwa Wakarmeli Peku. Hawakula nyama ila wagonjwa. Walisokota nyuzi na kushona. Kila siku walikuwa na saa mbili za sala ya kimya, moja asubuhi na moja jioni, pamoja na zaburi za Kanisa. Mazungumzo na wageni yalikuwa machache, na kati yao ulikuwepo wavu wa chuma. Lakini pia mara mbili kwa siku walikaa pamoja kuzungumza na kucheka, na Teresa aliwaongoza kwa nyimbo na kwa tari. Hakupenda watakatifu wenye nyuso za huzuni. Aliwafundisha kwamba aliye zamu jikoni asidhani amekosa sala, kwa kuwa Bwana yuko hata kati ya vyungu.

Kwa nini kujifungia hivyo? Hapa sisi Waanglikana yatupasa kusema kweli. Sababu moja aliyoitaja ni habari alizosikia kutoka Ufaransa, ambako Wakristo walikuwa wamegawanyika na makanisa yalivunjwa. Mwaka uleule wa 1562 vita vya dini vilianza huko. Teresa aliwaita wanamatengenezo wote Walutheri, akawaona ni watu waliopotea. Sisi tusingekubaliana naye. Lakini tuangalie alichofanya. Wakati ule wakubwa wa pande zote, Wakatoliki na Waprotestanti, walitumia upanga, gereza na moto. Teresa aliona kwamba nguvu za silaha hazikuponya kitu, akawakusanya wanawake wachache wasali na kuishi Injili kwa ukamilifu kadiri walivyoweza. Kama pande zote mbili zingechagua silaha hiyo, historia ya Kanisa isingekuwa na damu nyingi hivyo.

Sababu nyingine ilikuja mwaka 1566, mmisionari Mfransisko alipofika kutoka Amerika na kueleza habari za watu wengi wa huko wasiohubiriwa Injili. Teresa alilia sana. Hakuweza kwenda kuhubiri, lakini alisadiki kwamba mhubiri aliye mbali hubebwa na watu wanaomwombea, kama mikono ya Musa ilivyoshikwa mlimani Yoshua alipokuwa akipigana bondeni.

Mafundisho yake juu ya sala

Wakubwa wake walimwamuru aandike, naye aliandika huku akilalamika kwamba kazi ya kusokota inamngoja. Katika kitabu cha maisha yake alifananisha roho na bustani, na sala na maji. Kwanza mtu huteka maji kisimani kwa ndoo, mikono ikimwuma, na pengine kisima ni kikavu. Hao ni wanaoanza. Halafu hupata gurudumu la kuvutia maji, akapata mengi kwa taabu ndogo. Tatu, mto au kijito huingia bustanini chenyewe. Mwisho mvua hunyesha, na mwenye bustani hana la kufanya ila kufurahi. Sisi tuliozoea kwenda kisimani wakati wa kiangazi tunauelewa mfano huu bila kuambiwa. Teresa alikaza kwamba mwenye ndoo asimwonee wivu mwenye mvua. Bustani ni ya Bwana, na mvua huja apendapo yeye. Kazi yetu ni kutoacha ndoo.

Kwake yeye sala si maneno marefu. Ni kukaa na rafiki ambaye tunajua anatupenda. Alama ya sala ya kweli si machozi wala maono, bali ni kumpenda jirani zaidi. Yeye mwenyewe alipata maono, lakini aliwaonya masista wasiyatafute, na akaona kwamba sista mgonjwa akihitaji msaada, yafaa kuacha raha ya sala na kumhudumia.

Safari na mateso

Mwaka 1567 mkuu wa shirika lote la Wakarmeli, Padre Giovanni Battista Rossi, alifika Avila, akapendezwa, akampa ruhusa ya kufungua nyumba nyingine. Ndipo mtawa huyu wa ndani akaanza kusafiri. Kuanzia Medina del Campo mwaka 1567 hadi Burgos mwaka 1582, pamoja na ile ya kwanza ya Avila, nyumba za masista zilikuwa 17. Alisafiri katika magari ya kukokotwa na nyumbu, yaliyofunikwa kwa turubai, katika jua kali la kusini na mafuriko ya kaskazini. Huko Medina alikutana na padre kijana ambaye leo tunamjua kwa jina la Yohane wa Msalaba. Mwaka 1568 Yohane na wenzake walianza nyumba ya kwanza ya wanaume katika kijiji cha Duruelo.

Mwaka 1571 Teresa aliamriwa kurudi Umwilisho kuwa Mama Mkuu. Masista wengi hawakumtaka, wakapiga kelele na kuzuia mlango. Siku ya kikao cha kwanza walikuta sanamu ya Bikira Maria imewekwa kwenye kiti cha Mama Mkuu, na funguo za nyumba mikononi mwake. Teresa aliketi chini karibu naye. Hakugomba na mtu. Alianza kwa kutafuta chakula cha kuwashibisha, na kabla ya kuondoka mwaka 1574 wengi walikuwa wamempenda.

Kisha ikaja dhoruba. Kitabu cha maisha yake kilishtakiwa mbele ya Inkwizisheni, nao wakakichukua. Huko Sevilla alishtakiwa yeye mwenyewe, ingawa hakuonekana na hatia. Mwaka 1575 wakuu wa shirika walimwamuru achague nyumba moja akae humo. Balozi wa Papa alimwona kuwa mwanamke mtangatangaji na mkaidi. Desemba 1577 Yohane wa Msalaba alikamatwa na Wakarmeli wenzake, akafungwa Toledo karibu miezi tisa katika chumba kidogo chenye giza. Mwaka huohuo, katikati ya dhoruba hiyo, Teresa aliandika kitabu chake kikubwa, Ngome ya Ndani, kinachoeleza roho kama ngome yenye makao saba, na Mungu yumo katika lile la katikati. Mlango wa ngome ni sala. Mwaka 1580 Papa Gregori wa 13 aliwapa Wakarmeli Peku jimbo lao wenyewe, na taabu ikatulia.

Kifo chake na yaliyofuata

Septemba 1582, akirudi kutoka Burgos hali mgonjwa, alitamani kufika nyumbani Avila. Akaamriwa apitie Alba de Tormes, kwa kuwa jamaa ya mtawala wa huko walimtaka. Alitii. Alifariki huko usiku wa tarehe 4 Oktoba, akimshukuru Mungu kwamba anakufa akiwa binti wa Kanisa. Usiku uleule kalenda ilirekebishwa kwa amri ya Papa, na siku iliyofuata ikahesabiwa kuwa tarehe 15 Oktoba. Ndiyo maana tunamkumbuka siku hiyo.

Alitangazwa mtakatifu mwaka 1622. Mwaka 1970 Papa Paulo wa 6 alimpa cheo cha Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa. Monasteri za Wakarmeli ziko katika nchi nyingi za dunia, hata Afrika ya Mashariki. Katika Kanisa letu la Anglikana pia njia hii haikupotea: mwaka 1906 lilianzishwa huko Oxford shirika la Masista wa Upendo wa Mungu, ambao kazi yao ya kwanza ni sala.

Basi turudi kwenye lile swali: wanamsaidia nani? Teresa angejibu kwamba wanamsaidia mhubiri aliyechoka, mwenye dhambi aliyeona aibu kurudi, na Kanisa lililogawanyika. Hatuwezi kuipima kazi hiyo kwa mizani, kama tusivyoweza kupima kazi ya mizizi iliyo chini ya ardhi. Mti tunauona.

Si wote tulioitwa kuishi nyuma ya ukuta. Wengi wetu tuna watoto, mashamba na kazi za ofisini. Lakini kila mmoja anayo robo saa, na kila mmoja anayo ndoo. Yule ambaye sala yake ni kavu mwaka huu asikate tamaa. Teresa alivumilia karibu miaka 18. Yule aliyeacha kwa aibu na arudi Jumapili hii, jinsi alivyo. Mungu aliyemwongoza mtumishi wake Teresa atujalie sisi nasi moyo wa kudumu katika sala, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.